Je, Akiba Haiozi?

Wahenga walisema akiba haiozi. Msemo huu umewalea watu wengi, wa pwani na wa bara, nao una hekima yake. Lakini kila msemo una mpaka, na mpaka wa huu hauonekani ghalani wala kwenye kibubu. Huonekana pale mtu anapojiuliza ni kitu gani hasa alichokuwa akikiweka, na alikuwa akimwekea nani.

Na wachukuliwe, kwa mfano, mume na mke wa makamo wakaao Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu uliomegwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga na Mwanza. Ni wakulima wa pamba kama majirani zao. Katika miaka 25 ya ndoa, kila safari ya wawili iliahirishwa: kwanza watoto wasome, kwanza nyumba iezekwe bati, kwanza deni la dawa za pamba lilipwe. Hakuna katika hayo lililokuwa kosa. Siku mtoto wa mwisho alipoondoka, walijikuta wamebaki na nyumba nzuri na maneno machache. Mke ndiye aliyelitamka jambo lenyewe: “Baba Kulwa, tumeweka mpaka tumesahau tulichokiweka.” Mwaka ule, pamba ilipouzwa, wakapanda basi wakashika njia ya Shinyanga, Nzega na Singida hadi Dodoma.

Kaskazini ya mji huo liko bonde la Makutupora, ambalo maji yake ya chini ya ardhi hunywesha Dodoma, na mashamba yake ya mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wageni wengi huenda kuonja mvinyo. Mume alionja kidogo; mke, ambaye hanywi, alikula zabibu shambani. Na hapo msemo wa wahenga ulipata mtihani wake wa kwanza. Zabibu mbichi haikai siku nyingi. Atakaye kuiweka hana budi aikaushe au aikamue, na vyovyote afanyavyo, atakachokikuta baadaye si kile alichokiweka. Kuna vitu, basi, ambavyo havihifadhiki ila kwa kubadilika. Mapenzi ya mwaka wa kwanza wa ndoa yumkini ni ya jinsi hiyo, na anayeyadai vilevile baada ya miaka 25 anadai zabibu mbichi kutoka pipani.

Kutoka Dodoma barabara ya Babati hupita Kondoa na kufika Kolo. Huko, katika miamba ya ukingo wa Bonde la Ufa, imo michoro iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mingine ni ya rangi nyekundu, kazi ya wawindaji wa kale. Mingine ni meupe, ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Mary Leakey, aliyefika kuinakili mwaka 1951, aliisoma mojawapo ya picha hizo kuwa ni ya mwanamke anayevutwa na watu kutoka pande mbili. Wengine wana tafsiri nyingine. Lakini hata kama tafsiri yake si sahihi, inafaa kuyaeleza yaliyoifika miamba yenyewe, kwani nayo inavutwa kutoka pande mbili.

Upande mmoja wako wahifadhi, ambao hutaka mwamba usiguswe. Upande wa pili wako wenyeji, ambao kwao Mungomi wa Kolo si makumbusho bali ni mahali pa kuombea mvua na kutafutia uponyaji. Katika matambiko pombe ya nafaka hutumika, na ikirushwa penye michoro huiharibu. Mhifadhi huuliza: mtawarithisha nini wajukuu? Mwenyeji naye huuliza: mahali pasipoombewa tena, wajukuu watarithi nini?

Wasomaji wa visiwani hawatalistaajabia swali hili. Katika magofu ya Takwa, kisiwani Manda, limesimama kaburi la mnara lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijra, yaani karibu na 1683. Mji umekwisha hamwa zamani, lakini watu wa Shela, wanaohesabu asili yao huko, wamekuwa na desturi ya kuvuka maji kwenda kuomba mvua pale kaburini. Mtalii huliona gofu. Mshela humwona mzee wake. Ukuta ni mmoja, na aliyeufunga kwa ajili ya wa kwanza amemfungia nje wa pili.

Yule mume na mke hawakuwa na elimu ya mambo ya kale. Walikuwa na elimu ya kwao. Wasukuma wana desturi iitwayo ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zianzapo, nyasi na miti ikaachwa iote, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokaza, kipande baada ya kipande, ili ng'ombe wasife. Zamani za ukoloni vichaka vilifyekwa kwa ajili ya kupambana na mbung'o. Yakaja mashamba ya pamba. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini, mbali na ngitili zao, na nchi ikabaki uchi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 ulirejea katika desturi hiyo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto, zikiwamo za Bariadi, Maswa na Meatu. Siri yake haikuwa uzio. Ilikuwa ni kwamba wote walijua ni lini pafungwe na ni lini pafunguliwe, na aliyevunja mwiko alijibu mbele ya dagashida, mkutano wa wenyeji wenyewe. Ngitili isiyofungwa huliwa ikaisha; isiyofunguliwa humwua ng'ombe ambaye kwa ajili yake ilifungwa.

Hapa mbishi atasimama, na ana haki. Nyasi huota tena. Mchoro uliofutika hauoti. Vipi kanuni ya malisho itumike mwambani?

Jibu ni kwamba haiwezi kutumika yote. Kisichoota tena chafaa kufunguliwa kwa hadhari kubwa zaidi: huenda pombe ikamwagwa chini ya mwamba badala ya kurushwa juu yake. Lakini neno hilo linapaswa kutoka katika vinywa vya wazee wanaoomba mvua pale, wakiwa wameketi pamoja na wahifadhi, kama dagashida inavyoketi. Wakiamuliwa na mgeni, picha itasalia na wenyewe wataondoka. Na hiyo nayo ni namna ya kufutika.

Na ndoa je, ni nyasi au ni mchoro? Ina yote mawili. Mapenzi ni nyasi. Yakifunguliwa kwa wakati wake huota tena, hata baada ya ukame wa miaka. Umri ni rangi ya mwambani. Uliokwisha futika hakuna mvua ya kuurudisha. Kosa la wale wawili halikuwa kuweka, ila ni kufunga bila kuagana siku ya kufungua. Waliporudi Bariadi walianza kutayarisha mashamba kwa msimu mpya, na deni la dawa lilikuwa linawangoja. Lakini safari hii, kabla ya mbegu kushuka, mke aliuliza ni mwezi gani watasafiri tena, na mume akautaja mwezi.

Akiba haiozi, ni kweli. Aozaye ni mwenye akiba, akingoja.