Akiba ya Dada

Dada yangu hulala usingizi mzuri siku za Alhamisi tu. Ndizo siku anazokwenda kwenye kliniki moja ya tiba ya Kichina hapa Dar es Salaam. Huchomwa sindano nyembamba kama unywele tumboni na miguuni, kisha huachwa nusu saa kwenye chumba kimya chenye feni. Mle ndani, ananiambia, hakuna anayemuuliza atazaa lini.

Ana miaka 36, na wameanza kutafuta mtoto miaka mitatu sasa. Kipimo cha damu cha homoni ya AMH kilionyesha kwamba akiba yake ya mayai imepungua. Kliniki ikamwahidi kwamba sindano zitaamsha ovari na kuongeza mayai. Mwezi uliopita, tukimenya vitunguu jikoni kwake, akaniuliza: "Wewe ndiye msomi, mdogo wangu. Hivi zinasaidia?"

Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Nilijua kwamba mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na mbili, nayo hupungua maisha yake yote. Hakuna tiba iliyothibitishwa kuyaongeza. Nilijua pia utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2018. Wanawake 848 waliokuwa kwenye matibabu ya IVF waligawanywa kwa kura: wengine wakachomwa sindano za kweli, wengine wakaguswa na za kuigiza zisizotoboa ngozi. Waliojifungua watoto hai walikuwa asilimia 18.3 kwa za kweli, 17.8 kwa za kuigiza. Hawakuwa wenye akiba ndogo peke yao, lakini tofauti hiyo si ya kumjengea mtu ahadi.

"Ngoja nisome vizuri," nikamjibu. Nilidanganya.

Usiku ule nilijitetea. Nani kaniteua nimnyang'anye mtu usingizi? Sindano zikiwa safi, madhara yake ni madogo. Na tumaini nalo ni dawa.

Lakini tumaini lina bei, na bei yenyewe si shilingi tu. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii inaoza. Kila mwezi anaousubiri sindano zifanye kazi ni mwezi ambao hakuna kliniki itakayomrudishia. Tena shemeji hajawahi kupimwa mbegu. Sindano zote zimechomwa mwili mmoja, kana kwamba jibu lilishajulikana liko kwa nani.

Kilichonitia aibu zaidi ni kwamba nilikuwa nimeuchukulia ukweli kama habari mbaya tupu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wanawake 750 wa miaka 30 hadi 44, wasio na historia ya ugumba, ndio kwanza wanaanza kutafuta mtoto. Wenye AMH ndogo walishika mimba sawa na wenzao. Dada si mmoja wao, ametafuta muda mrefu. Lakini namba ile peke yake si hukumu, na huenda sababu iko kwingine. Kwa kunyamaza, nilikuwa namlinda dada dhidi ya kitu ambacho kingeweza kumsaidia.

Nikarudi, nikamwambia yote. Sindano haziongezi mayai. AMH haisemi kwamba hutazaa. Nendeni kwa daktari wa uzazi, wote wawili, mapema. Akasikiliza, akaosha mikono, akasema ana nguo za kuanua.

Siku kumi hakupokea simu zangu. Katika siku hizo nilijiuliza kama nilisema kwa ajili yake, au ili mimi nilale. Bado sina hakika. Ninachojua ni kwamba aliuliza swali, na mtu mzima akiuliza kuhusu mwili wake, jibu ni mali yake. Si langu kulitunza.

Siku ya kumi na moja ukaja ujumbe: "Jumatatu tunakwenda kupima, na shemeji yako. Alhamisi nitaendelea kwenda. Kule nakwenda kulala."