Ukali wa Mbwa Watoka Wapi?

Wazee wetu walituachia mithali mbili zisizopatana. Moja yasema: Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili yasema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kila mtu huishika ile imfaayo siku ile, wala hatusumbuki kuuliza ni ipi iliyo ya kweli. Lakini ziko nchi ambazo serikali zake zimelazimika kuchagua kati ya hizo mbili, tena si kwa habari ya watu, bali kwa habari ya mbwa. Nasi twaona neno hili lastahili kufikiriwa, maana ndani yake mna uhai wa watoto, na mna haki pia.

Mwaka 1991, baada ya watu kadhaa kuumwa vibaya, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kukataza aina nne za mbwa, yaani pitibuli, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Ilikatazwa kuwazalisha, kuwauza, hata kuwatoa bure. Mwisho wa mwaka 2023 iliongezwa aina ya tano, iitwayo XL Bully. Na tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa katika Uingereza na Wales kumweka mbwa huyo pasipo hati, na mwenye hati hana budi kumhasi, tena kumfunga mdomo na kumshika kwa kamba kila atokapo hadharani. Basi serikali ile imeishika mithali ya nyoka. Je, imekosea?

Tusiwe wepesi kuicheka. Tangu zamani binadamu amewachagua mbwa na kuwazalisha ili wafanye kazi aitakayo, na mtoto wa mbwa wa mchungaji huanza kuwazunguka kondoo kabla hajafundishwa. Waingereza wa zamani walikuwa na mchezo mbaya wa kumfunga fahali na kumwachilia mbwa amng'ate puani, mpaka sheria ikaukomesha mwaka 1835. Uzao wa mbwa wale, uliochanganywa na mbwa wadogo wepesi wa kuwinda, ndio uliotumiwa baadaye kupiganishwa shimoni, mbwa kwa mbwa, na pitibuli ni wajukuu wao. Mtu asemaye kwamba kazi hiyo ya vizazi vingi haikuacha alama yo yote, asema neno asiloweza kulithibitisha. Na ijapokuwa hasira ya mbwa wote ingekuwa sawa, nguvu zao si sawa: mbwa mdogo akikasirika hurarua kanzu, na mbwa wa kilo 50 akikasirika aweza kuua mtoto.

Hata hivyo alama si hukumu. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitangaza uchunguzi wao juu ya mbwa zaidi ya 18,000, na katika hao zaidi ya 2,000 walichunguzwa hata chembe zao za urithi. Waliona ya kuwa katika tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa, aina yake yaeleza kama sehemu 9 tu katika 100. Na katika habari ya wepesi wa kuchokozeka, aina karibu haikuwaambia neno. Kweli, habari za tabia zilitolewa na wenye mbwa, na kila mwenye mbwa humsifu wake; lakini hata tukiyahesabu hayo, ni mbali sana kutoka 9 mpaka 100. Tena sheria ile ya Waingereza haitazami ukoo wa mbwa bali umbo lake. Akifanana na pitibuli, huhesabiwa kuwa pitibuli mpaka mwenyewe athibitishe kuwa siye, hata kama hajamwuma mtu tangu kuzaliwa.

Wajuao kufuga husema kwamba mtoto wa mbwa hujifunza kuwazoea watu tangu juma la tatu mpaka juma la kumi na mbili hivi. Asiyeguswa na mkono wa upole siku hizo huelekea kuwaogopa watu hata akiwa mzima, na mbwa mwenye hofu ni mwepesi wa kuuma. Nasi tuitazame miji yetu wenyewe. Pita katika mitaa ya wenye mali, utaona kibao langoni: MBWA MKALI. Mara nyingi ndani yumo mnyama afungwaye kibandani mchana kutwa, atupiwaye mawe na watoto wa njiani, asiyezoezwa mgeni hata mmoja, ili usiku afunguliwapo asimjue mtu. Huyo amefanywa mkali kwa bidii, kama mtu anoavyo kisu. Na mwenye nyumba amekiri kwa herufi kubwa kwamba ajua.

Kujua huko si neno dogo. Torati ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, yasema juu ya ng'ombe auaye mtu kwa pembe: ng'ombe na auawe, na mwenyewe hana hatia, lakini kama ilikuwa desturi yake kupiga, na mwenyewe alionywa asimzuie, basi mwenyewe naye yumo hatiani. Haiulizi ng'ombe ni wa mbegu gani. Waingereza nao, katika sheria ile ile, humshika mwenye mbwa wa aina yo yote amwachaye kuwa hatari. Na tangu mwaka 2014 mbwa akiua mtu, mwenyewe aweza kufungwa hata miaka 14. Sehemu hii twaiona bora kuliko ile ya majina. Lakini yaja baada ya damu kumwagika, na wapendao orodha ya majina huuliza kwa haki: mtoto wa kwanza kuumwa atakuwa wa nani? Twajibu kwamba achaguaye mnyama mwenye nguvu amejichagulia deni kubwa, naye adaiwe mapema, ua imara, kamba na mafundisho, kama vile mwenye bunduki adaiwavyo kuliko mwenye fimbo.

(Wako watakaolivuta neno hili hata kwa watu, waseme ukoo fulani ni wezi. Wasilivute. Koo za watu hakuna aliyezizalisha kwa kazi kama mbwa.)

Tena huku kwetu mbwa auaye zaidi hana aina yenye jina. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, walio wengi Asia na Afrika, na karibu wote waliumwa na mbwa. Ugonjwa huo humwingia mpole na mkali. Basi mtoto akiumwa, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, apelekwe hospitali siku ile ile. Na mwenye mbwa aulizwe cheti cha chanjo, kabla hajaulizwa mbwa wake ni wa aina gani.