Kuuliza Hesabu Si Kutukana

Mtu atokaye Lubumbashi kwa njia ya Kasenga hufika kwetu Kasomeno, mahali njia zinapoachana: moja yaelekea Kasenga na mto Luapula, nyingine yaenda Kilwa na Pweto. Mchana kutwa twaona malori ya samaki na ya mahindi, na vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya makala. Sokoni na njiani mikono hutoa franka: kodi ya meza, kodi ya mzigo, kodi ya kupita. Tena Kongo na Zambia zimepatana juu ya barabara ya kulipia, kiasi cha kilometa 180, kutoka hapa Kasomeno kupita Kasenga na kuvuka Luapula kwa daraja, mpaka Mwenda katika Zambia. Magari yakizidi, na fedha zitazidi.

Basi, fedha za wote zaenda wapi? Swali hili watu huliuliza kwa sauti ndogo, jioni, wakinywa munkoyo. Mbele ya mkubwa hakuna alitamkaye. Ukiwauliza sababu, hujibu: “Ni heshima.” Leo twataka kulipima jibu hilo. Je, kunyamaza juu ya mali ya wote ni heshima kweli? Na yule anayenyamaza, hana kosa?

Kabla ya kuwanyoshea wakubwa kidole, tuungame kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita watu wa mtaa wetu walichimba kisima wakatia pompi. Nyumba 60 zilipatana kutoa franka 500 kila mwezi, ili pompi ikiharibika itengenezwe. Sisi, kwa kuwa tulisoma seminarini na twajua kuandika, tulikabidhiwa sanduku na daftari. Mwezi wa kumi pompi ikafa. Watu wakakutana chini ya mwembe, na mama mmoja mzee akasimama.

“Mwalimu,” akasema, “fedha zetu ni ngapi?”

Maneno hayo yalituchoma. Tukajibu kwa ukali: “Mama, watuona sisi ni wezi?”

“Hapana, Mwalimu. Siulizi wizi. Nauliza hesabu.”

Watu wengine wakamkemea yule mama, wakamwambia akae chini, asimwaibishe mtu wa Kanisa. Akakaa. Nasi tulirudi nyumbani tumeshinda, lakini usiku tulipofungua daftari, tuliona aibu. Miezi minne haikuandikwa, maana tulitumaini kichwa chetu. Tulinunua vyuma, tulilipa nauli ya fundi, tulimkopesha mgonjwa mmoja. Yote bila kuandika. Franka 74,000 hazikuonekana, wala hatukuweza kusema zilikwenda wapi. Hatukuiba hata moja. Lakini nani angejua? Watu waliacha kutoa, na pompi ilikaa kimya kiangazi kizima. Wake zetu na binti zetu walirudi mtoni na bidoni kichwani, na watoto waliumwa matumbo. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari.

Tazameni sasa makosa yalikuwa mangapi. La kwanza ni letu: tuliifanya kazi ya watu kama mali ya nyumbani, na swali la haki tuliliita tukano. La pili ni la wale waliomkemea mama. Walidhani wanatutetea, kumbe walituzamisha. Kama mtu angetuuliza mwezi wa pili, pengo lingekuwa dogo, nasi tungejirekebisha mapema. Heshima ya namna ile haikumsaidia mkubwa wala mdogo. Ni woga uliovaa nguo ya heshima.

Wengine husema: “Chifu ni baba, na mtoto hamwulizi baba yake.” Vema, tulichukue neno hilo la baba. Katika nyumba njema, nani ajua ghala la mahindi lina magunia mangapi? Baba ajua, mama ajua, na watoto wakubwa wajua, maana wote walilima. Baba akifunga ghala na kuficha ufunguo, na watoto wanalala na njaa, je, twamsifu kwa ubaba wake? La hasha. Hata wakubwa wa zamani hawakukata shauri peke yao. Waliketi na wazee, na wazee walisema. Desturi ya baraza hatukuletewa kwa meli. Ni yetu.

Nasi Wakristo tunao mfano ulio mkubwa zaidi. Mtakatifu Paulo alipokusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka kuichukua peke yake. Alikwenda pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, akaeleza sababu: asiwepo mtu wa kumshuku, na mambo yawe safi mbele ya Mungu na mbele ya watu pia. Kama Mtume hakuona haya kusimamiwa, ni nani kati yetu aliye mtakatifu kupita kuulizwa?

Labda mmoja atasema: “Pompi ni jambo dogo. Serikali ni kubwa, haituhusu.” Basi tuvuke mpaka, tutazame Uganda. Katika miaka ya 1991 mpaka 1995, serikali ya huko ilikuwa ikitoa fedha za matumizi kwa shule za msingi. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba katika kila shilingi 100 zilizotolewa, kwa wastani shule zilipata 13 tu. Nyingine zilikaa mikononi mwa wakubwa wa wilaya. Wazazi hawakulalamika, maana wengi hawakujua hata kwamba fedha zimetumwa. Ndipo serikali ilipoanza kutangaza katika magazeti kiasi kilichotumwa, na kuagiza kibandikwe shuleni penyewe, mahali pa kusomwa na wote. Mwaka 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya 80 katika kila 100. Kweli, mambo mengine pia yalisaidia. Lakini karatasi ile ilifanya kazi kubwa: mzazi aliyeisoma alijua la kuuliza, na mkubwa alijua kwamba mzazi anajua.

Hata katika Kongo yetu jambo hili limejaribiwa. Katika Kivu ya Kusini, mahali kama komine ya Ibanda na nchi ya kichifu ya Luhwinja, raia waliitwa kukaa na watawala wao na kuchagua pamoja kazi za kutangulia: njia, daraja, shule au zahanati.

Sheria nayo haitukatazi. Katiba ya 18 Februari 2006 yatambua kwamba enzi ya nchi ni ya raia. Sheria ya 7 Oktoba 2008 yataka kila sekta na kila nchi ya kichifu iwe na bajeti yake, na baraza la washauri. Sheria ya madini, iliyogeuzwa mwaka 2018, yaagiza kwamba katika kila franka 100 za malipo ya madini yaliyochimbwa, 15 ziende kwa utawala wa mahali pale pale yanapochimbwa. Lakini sheria isiyotumiwa ni jembe lililotundikwa ukutani. Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komine walichaguliwa katika baadhi ya miji tu. Katika sekta na nchi za kichifu kura hiyo haikupigwa. Basi, pasipo mshauri wa kuuliza kwa ajili yetu, wajibu wa kuuliza warudi kwa nani? Warudi kwetu.

Lakini tusijidanganye kwamba ubaya wote u upande wa wakubwa. Kijana wa makala afika penye kamba njiani. Kodi ni franka 1,000 pamoja na kitansi. Mwenye kamba amwambia: “Lete 500, tuache kitansi.” Kijana afurahi, atoa, apita. Jioni alalamika kwamba zahanati haina dawa! Ndugu, franka 1,000 zile zilikuwa za zahanati. Mwenye kamba aliiba 500, na nani aliiba zile 500 nyingine? Na yule anayepokea sabuni na chumvi wakati wa kura, atapata wapi kinywa cha kuuliza baadaye? Amekwisha kuuza swali lake.

Tena yuko mwenye kosa la namna nyingine: asiyeuliza, lakini hutangaza kila mahali kwamba fulani ni mwizi. Huyo hajaona daftari, hana ushahidi. Kusengenya si kuuliza. Kusengenya huharibu jina la mtu gizani, na kuuliza humpa mtu nafasi ya kujibu mwangani. Mkubwa mwaminifu hupata faida kuliko wote akiulizwa hadharani, maana daftari lake ndilo shahidi wake.

Basi tufanyeje? Si lazima kuwa mtu aliyesoma. Maswali ni matatu, na bibi asiyejua herufi aweza kuyatamka: Zimeingia ngapi? Zimetoka ngapi, kwa kazi gani? Zimebaki ngapi? Tusiende mmoja mmoja, ili mtu mmoja asichukiwe peke yake. Twende wengi, wanaume na wanawake, tukiwa tumepatana maneno, kwa adabu na bila makelele. Tuombe karatasi ibandikwe mahali pa wazi. Tulipapo, tudai kitansi. Na tuanze na vyama vyetu wenyewe: sanduku la jumuiya, kamati ya wazazi shuleni, chama cha wakulima. Asiyetaka kuulizwa katika kidogo asijivike kazi ya kuwauliza wengine katika kikubwa.

Sisi tulirudi kwa yule mama, tukamwomba radhi mbele ya watu wale wale waliomkemea. Tukasoma daftari lote, pamoja na pengo lake, tukaanza kulipa kidogo kidogo. Tangu siku ile hesabu husomwa kila mwezi chini ya mwembe, kisha hubandikwa mlangoni. Nyumba zilianza kutoa tena, si zote kwa mara moja. Pompi yatoa maji. Na kila mara tumalizapo kusoma, mama yule huuliza lile lile: “Mwalimu, zimebaki ngapi?” Sasa twamjibu, wala hatuoni tena kwamba ametutukana.