Dhamana ya Bonde

Bonde lenye maji huwa na wenyewe wengi, na wingi huo huzaa swali la kale la maadili: wajibu ukiwa wa watu wengi, kila mmoja wao hudaiwa kiasi gani? Huko Chunyu, upande wa Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, swali hilo lina uzito wa kila siku. Mvua ni za msimu mmoja. Kiangazi kinapokolea, vijito vingi vya nchi hiyo hubaki mchanga mtupu. Akina mama huufukua mchanga kwa mikono, husubiri maji yajikusanye shimoni, kisha huyateka kwa kata kidogokidogo mpaka ndoo ijae. Pembeni kidogo, penye udongo mweusi usiokauka, ndipo palipolimwa mpunga wakati wa mvua, ndipo panapooteshwa mchicha na nyanya baada ya mavuno, na hapohapo mifugo huja kunywa.

Wenye mamlaka juu ya eneo kama hilo ni wengi kuliko wakulima wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi. Maji yenyewe, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao Mtwara; chini yake sheria inaruhusu jumuiya za watumia maji. Visima na mabomba ya vijijini ni kazi ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), iliyoundwa mwaka 2019. Msitu wa jirani waweza kuwa wa kijiji, wa halmashauri ya wilaya au wa Wakala wa Huduma za Misitu. Juu ya wote hao kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika vibonde vyembamba, mita 60 kila upande zaweza kuwa ndilo shamba lote la mpunga la ukoo mzima. Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ambao Tanzania iliingia mwaka 2000, unalinda maeneo manne makubwa nchini: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Vibonde vya Chunyu havimo, kwa hiyo uhai wake unategemea taasisi za karibu kusikilizana.

Fiqhi ya Kiislamu, ambayo watoto wengi wa kusini huanza kuisikia wakiwa chuoni, imelichambua swali hili kwa undani kuliko sheria nyingi za kisasa. Inatenganisha fardhi aini, inayomlazimu kila mtu peke yake, na fardhi kifaya, inayoulazimu umma. Sala ya maiti ndiyo mfano wake maarufu. Wakijitokeza wachache wakamsalia maiti, mji mzima umesalimika. Asipojitokeza hata mmoja, wote waliojua na kuweza wamepata dhambi. Jambo la kuangaliwa ni kwamba dhambi hiyo haigawanywi. Watu mia hawabebi kila mmoja sehemu moja ya mia. Kila mmoja huibeba nzima. Imamu al-Juwayni, aliyefariki mwaka 1085, alifika mbali zaidi: aliona kwamba anayetekeleza wajibu wa kifaya ana fadhila kubwa, kwa kuwa anawaokoa na wengine.

Ulinzi wa chanzo cha maji unaingia vizuri katika fungu hilo. Hadithi mashuhuri ya Mtume inawafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto, na mafakihi waliweka harimu, yaani eneo la kuzunguka kisima ambalo haliruhusiwi kuvamiwa. Huko Misali, kisiwa kilicho karibu na Pemba, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1998, mafunzo ya aina hii yaliletwa kwa wavuvi na masheikh wakishirikiana na serikali na mashirika ya uhifadhi. Wavuvi walisikia hoja ya hifadhi kwa lugha ya dini yao wenyewe, na hilo ni zito kuliko kibao cha katazo kilichosimikwa ufukweni.

Mafundisho ya Kanisa Katoliki yanaongeza jambo ambalo kifaya hailisemi waziwazi: nani aanze. Waraka wa Papa Pius XI wa mwaka 1931 ulifundisha kuwa kazi inayowezwa na jumuiya ndogo isinyakuliwe na kubwa, na kwamba kubwa ina wajibu wa kuisaidia ndogo. Papa Francis, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliifungamanisha hifadhi ya dunia na haki ya maskini. Kwa kipimo hicho, jumuiya ya watumia maji ndiyo ya kwanza kudaiwa kazi ya bonde, na bodi ya Mtwara inadaiwa kuiwezesha. Jumuiya iliyopewa wajibu bila fedha wala mtaalamu imetelekezwa, hata kama karatasi zinasema imeshirikishwa.

Kusini pana kumbukumbu kongwe kuliko nyaraka hizo. Mwaka 1905 watu wa makabila mbalimbali walimwendea mganga Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe kuchukua maji ya dawa, na vita vya Maji Maji vilipoenea, Wamwera wa Lindi nao waliingia. Matokeo yalikuwa msiba mkubwa, lakini tukio hilo linaonyesha kwamba koo zisizokuwa na mtawala mmoja ziliweza kukubaliana juu ya heshima ya maji.

Mtihani mgumu zaidi wa maadili hutokea pale taasisi zinapofanikiwa. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi tangu miaka ya 1990, na mwaka 2006 serikali iliamuru wafugaji waondoke Usangu na Ihefu, kwenye ardhioevu inayoulisha mto huo. Wengi walihamia mkoa wa Lindi pamoja na ng'ombe wao, na migogoro ya malisho na maji ikahamia nao. Taasisi za Usangu zingeweza kusema zimetimiza kazi yao. Lakini fardhi kifaya hulikabili jambo lenyewe, haiishii kwenye mpaka wa ofisi: maiti aliyehamishiwa mji wa pili bado hajazikwa. Mfugaji aliyefukuzwa hakuacha kuwa mshirika wa maji kwa kuvuka mkoa, na mkulima aliyempokea hakuulizwa.

Mafakihi waliona pia udhaifu wa fardhi hii. Mtu husamehewa akiwa na dhana yenye nguvu kwamba wengine wameshatekeleza. Bila kuulizana, kila ofisi ya bonde inaweza kujisamehe hivyo: kijiji kikidhani bodi imepima maji, bodi ikidhani halmashauri imezuia ukataji miti, halmashauri ikidhani kijiji kimetunga sheria ndogo. Kwa hiyo kupeana taarifa ni sehemu ya wajibu wenyewe. Kikao cha pamoja kabla ya kiangazi, chenye mkulima, mfugaji, wachota maji na maofisa, huiondoa dhana hiyo, na baada yake hakuna awezaye kusema alidhani.