"Tengeneza Tu"

Mhazini wa chama aliniachia laptop hapa Sultan Hamud, ya kijana wake, nimhamishie hesabu kutoka Ubuntu kwenda Windows. Diski moja, patisheni mbili. Nikiwa Ubuntu, faili za Windows nilizisoma zote. Kuandika huko, ng'o. Nikalaumu diski. Kumbe Windows haikuzimwa, ililala, kazi yake ikiwa imehifadhiwa kwenye hiberfil.sys. Ubuntu ikikuta hivyo hufungua upande ule kwa kusoma pekee, isije ikavuruga kilichoachwa wazi.

Kuamsha Windows kulitaka paswadi, na mama alikuwa kwa matatu ya Emali, simu mteja. Kuifuta faili ile ni amri ya mstari mmoja. Njia ingefunguka, ila alichokuwa hajasevu kingepotea. Aliposema "tengeneza tu," aliniruhusu hata hilo? Sisi mafundi hupenda kujibu ndiyo, hasa foleni ikiwa ndefu. Lakini alinikabidhi mashine. Michango iliyokuwa humo ni ya wanachama wote, na hao hakuna aliyeniambia kitu.

Nikangoja. Saa kumi na moja akaja, akasevu, akazima kabisa. Faili zikapita kwa dakika mbili. Akanilipa nusu, eti siku nzima sijafanya chochote.