Deni la Mlango Uliofungwa

Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyomo katika Bukhari na Muslim, imezoeleka mno kwenye mimbari za pwani hata wengi huisikia bila kuisikiliza. Husimuliwa kama funzo la huruma. Lakini shtaka lenyewe lina vipande viwili vinavyotegemeana: alimfungia paka bila kumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie viumbe vidogo vya ardhini. Ondoa kifungo, na shtaka lote linaanguka. Paka wa Lamu wanaozunguka penye samaki hawana mwenyewe mmoja, na hakuna anayedai kwamba kila mpita njia asiyewarushia kichwa cha samaki ana kesi ya kujibu. Anayewarushia ana thawabu zake. Asiyewarushia hana kosa. Paka anayeishi ghorofa ya tano kule Upanga au Kilimani yuko katika hali nyingine kabisa. Hana panya wa kuwinda, hana jirani wa kumwendea, hana jalala. Kilichomweka hapo ni mlango, na ufunguo wa mlango anao mtu. Hoja yangu inaanzia hapo: chakula cha mnyama tuliyemfungia si sadaka, ni deni. Tofauti hiyo huonekana wazi mwezi wa Januari, ada za shule zinapodaiwa na matumizi ya nyumba yanapopitiwa moja baada ya jingine kuona lipi likatwe. Sadaka hupunguzwa bila dhambi mfuko ukipungua. Deni laweza kulipwa kwa njia ya bei nafuu, lakini halilipwi nusu kisha likahesabiwa limekwisha.

Wanazuoni wa fiqhi waliliona jambo hili kwa macho makavu kuliko wahubiri. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, faqihi wa Kishafii aliyefariki mwaka 1262, alipoorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu aliweka kwanza matunzo yao, na akaongeza sharti linalomkera kila mwenye kupiga hesabu za faida: mnyama alishwe hata kama amezeeka au ameugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. An-Nawawi, aliyefariki miaka kumi na mitano baadaye, anasema katika Minhaj, kitabu kinachojulikana vyema na wanafunzi wa madhehebu hayo huku kwetu, kwamba mwenye maji anaruhusiwa kutayamamu badala ya kutawadha ikiwa maji hayo yanahitajiwa na mnyama mwenye heshima ya kisheria kwa kiu yake, hata kiu ya baadaye. Washereheshaji wanamtoa katika heshima hiyo mbwa mwenye kujeruhi watu, na kwa kumtoa huyo wanatuonyesha kwamba mbwa wa kazi yumo. Haya ni madhehebu yaleyale yanayohesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, chombo kioshwe mara saba na mojawapo kwa udongo. Unajisi haukufuta njaa. Anayesema “ni mbwa tu” akidhani anasema neno la dini, asome ukurasa unaofuata. Torati nayo, katika Kumbukumbu 25:4, inakataza kumfunga kinywa ng’ombe anayepura nafaka, na kinywa kilichofungwa hapo kinafanya kazi ileile ya mlango wa yule mwanamke: mtu amezuia, basi mtu anadaiwa.

Kuna njia ya heshima ya kulikataa deni hili, nayo ni ya Immanuel Kant. Yeye alifundisha kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama. Tuwatendee wema kwa sababu anayewatesa huufanya moyo wake mgumu na mwishowe huwatesa watu. Hata mbwa mzee aliyemtumikia bwana wake, alisema, anastahili kutunzwa mpaka afe, lakini kwa ajili ya utu wa huyo bwana. Wengi wetu, Waislamu kwa Wakristo, tunafikiri hivyo bila kumjua Kant. Tatizo ni kwamba moyo laini hauna mizani ya chakula. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyowashtua madaktari wa mifugo: paka waliokuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kutanuka na kulegea walikuwa na upungufu wa taurini, na walipoongezewa taurini mioyo yao ilianza kupona. Miaka kadhaa kabla ya hapo ilikuwa imeshajulikana kwamba upungufu huohuo huharibu retina na kumpofusha paka. Wenye paka hao hawakuwa wakatili. Walikuwa wakiwapapasa na kuwaita majina ya mapenzi, na tena wakiwalisha vyakula vya dukani vilivyoaminika kuwa kamili. Utapiamlo wa namna hii hauna kilio. Humla mnyama kwa miezi kimyakimya huku mwenyewe akijiona mwema. Kama wajibu wetu ungekuwa ni kuulinda moyo wetu peke yake, watu hao wangekuwa wameshautimiza. Hawakuwa wameutimiza. Kitu fulani kilikuwa kinakosekana kwenye sahani, nacho kilikuwa haki ya mwenye sahani.

Basi anadaiwa nani, na nini? Hapa ndipo uwekevu unapopata heshima yake, maana asiyejua kiasi cha deni hana njia ya kulilipa kwa nafuu; atalipa zaidi kwa woga au atapunja kwa ujinga. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake hautengenezi taurini ya kumtosha, haubadilishi rangi ya karoti kuwa vitamini A, na ugali haumfikishi mbali hata ukiwa umelowa mchuzi. Mbwa ni kiumbe tofauti. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika Nature mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi kuliko mbwa mwitu za jeni inayotengeneza kimeng’enya cha kuvunja wanga, ishara kwamba maelfu ya miaka ya kula makombo ya mwanadamu yamembadilisha hata tumboni. Kwa hiyo wanaosema kuwa mbwa wetu wameishi kwa ugali tangu enzi za babu hawajakosea kabisa. Wanachosahau ni kwamba mbwa wa babu hakuwa ndani ya ukuta. Alikula ugali nyumbani, kisha akaenda kukamata panya, kula mzoga, kulamba damu penye machinjo. Mbwa wa ulinzi wa leo hushinda bandani mchana kutwa, akafunguliwa usiku ndani ya geti; ugali uliokuwa nusu ya mlo wake umegeuka kuwa mlo mzima. Kumlipa huyu si lazima kuwe ghali. Dagaa wazima waliooshwa mchanga na kulowekwa kupunguza chumvi, wakachemshwa na unga, humpa protini na, kwa vile wameliwa na mifupa yao midogo, humpa kalsiamu ambayo nyama tupu haina. Bucha nyingi huuza mapafu, bandama na mioyo kwa bei iliyo chini ya nyama ya kawaida, na moyo una taurini nyingi. Taurini huyeyuka katika maji, kwa hiyo anayechemsha moyo wa ng’ombe kwa ajili ya paka na kumwaga supu amemwaga sehemu ya alichonunua. Maini nayo ni mazuri kwa kiasi, ila paka anayelishwa maini kila siku hupata vitamini A kupita kiasi mpaka shingo na mgongo wake hukakamaa. Na kwa paka, niseme wazi, chakula cha nyumbani peke yake ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mwenye kipato kidogo atatulia zaidi akifanya chakula kikavu kilichoandikwa kuwa ni kamili kuwa msingi, halafu samaki na moyo viwe nyongeza.

Uwekevu wa uongo una sura mbili. Ya kwanza ni ile ya kumpa mnyama kilichoharibika kwa kuwa “yeye hana shida”. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 mashariki mwa Kenya waugue, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Ini la mbwa haliistahimili sumu hiyo kuliko la binadamu, na kupika hakuiondoi. Unga uliofanya kuvu ukamwagiwa mbwa haujaokoa chochote. Makombo ya pilau na mchuzi wa rosti nayo yana vitunguu, na vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa na hasa za paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vibanzi vinavyotoboa utumbo. Sura ya pili ni kinyume chake: kuamini kwamba ubora ni bei. Kopo la gramu 400 ambalo asilimia 80 yake ni maji lina gramu 80 tu za chakula chenyewe, wakati gramu 400 za chakula kikavu chenye maji asilimia 10 zina gramu 360. Anayelinganisha bei za vifungashio bila kutoa maji analinganisha maji. Picha ya mbwa mwenye manyoya yanayong’aa, maneno ya “asilia” na “ya kifalme”, ladha ya bata, yote hayo yananunuliwa na mwenye mbwa kwa ajili yake mwenyewe. Hapo panafaa kukatwa bila dhamiri kusumbuka, kwa sababu mnyama hakuyadai. Israfu imekatazwa kama ubahili ulivyokatazwa, na katika nyumba ya kipato cha wastani vyote viwili huweza kukaa kwenye sahani moja.

Pingamizi lililo zito zaidi halitoki kwa Kant wala kwa wenye maduka. Linatoka Mwanza, ambako mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kwenda Ulaya, yamekuwa kitoweo cha watu. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliwaonyesha walimwengu jambo hilo, pamoja na ubishi wote uliofuata. Dagaa wa Ziwa Victoria nao hugombewa na viwanda vya chakula cha mifugo. Je, kuna uso gani wa kumnunulia paka moyo wa ng’ombe penye mtoto anayelala na njaa? Peter Singer aliandika mwaka 1972 kwamba tukiweza kuzuia baya bila kutoa kitu chenye uzito sawa, yatupasa kulizuia, na ingawa mwanafalsafa huyohuyo ndiye aliyewatetea wanyama mwaka 1975, hoja yake ya kwanza inaweza kumgeukia paka. Sehemu ya pingamizi hili naikubali. Katika dhiki ya kweli uhai wa mtu unatangulia, na dini zote mbili nilizozitaja hazina kigugumizi hapo. Lakini tuangalie pingamizi linapotua. Haliwezi kumgusa paka kabla ya kupita kwenye soda, vifurushi vya simu, michango ya sherehe na sare za harusi, na nyumba nyingi zinazolitaja hulitaja baada ya kuyavuka hayo yote. Linagusa kwa nguvu zaidi uamuzi wa kuchukua mnyama: mbwa wa pili wa kuringia, paka wa kizungu wa bei mbaya, jike lisilofungwa kizazi litakaloleta vinywa vinne kila mara. Huko ndiko pesa nyingi inakookolewa, kwani paka wa ndani huweza kuishi miaka kumi na mitano, na hesabu yake ilitakiwa ipigwe kabla hajavuka kizingiti. Akishavuka, maskini wa mtaani hapati chochote kwa kuwa yule wa ndani amepunjwa. Na mbwa aliyepunjwa hutafuta upenyo wa uzio akaingia mitaani. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Chakula cha mbwa, kwa hesabu hiyo, kina sehemu yake katika usalama wa watoto wa jirani.

Linabaki swali la nyumba iliyoporomoka: kazi imekwisha, akiba imekwisha, na paka yupo. Sheria za nchi, kwa mfano Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008, humbana mwenye mnyama, lakini hazimwelezi mtu asiye na kitu afanye nini. Mafakihi walijibu: asiyeweza kulisha auze, au aachilie, au achinje kama mnyama ni wa kuliwa, na kadhi aweza kumlazimisha. Kuchinja hakumhusu paka, na paka wa kawaida hana mnunuzi. Kunabaki kuachilia, na wengi hulisoma neno hilo kwa unafuu wao: wanamtia paka kwenye kiroba usiku, wanammwaga sokoni, wanarudi wakijiona wametoka kwenye hadithi upande ulio salama. Mimi sikubali. Kumwacha kulikotajwa katika hadithi kuna lengo lililotajwa papo hapo, nalo ni kwamba ajilishe. Paka aliyelelewa miaka sita kwenye bakuli, asiyejua panya wala gari, akitupwa Kariakoo amehamishwa kutoka kifungo kimoja hadi kingine kisicho na ukuta. Kumwachilia huyu ni kumtafutia mkono mwingine: ndugu mwenye uwanja, mwenye duka anayesumbuliwa na panya, kituo cha wanyama pale kilipo. Mpaka mkono huo upatikane, posho yake iendelee kutoka pale inapotoka posho ya nyumba, ikiwa ndogo kadiri nyumba nzima ilivyopunguza, na dagaa wake wakiwa wazima.