Marehemu Wako Anasubiri Sala Yako



Leo naanza kwa kuungama. Bibi yangu alipofariki, niliweka picha yake WhatsApp nikaandika "Pumzika kwa amani bibi." Pole zikamiminika. Baada ya arobaini nikarudi mjini, maisha yakaendelea. Miaka mitatu baadaye nikaenda Ubena, nikataka kuliona kaburi lake. Nyasi tupu! Msalaba wa mbao ulishaliwa na mchwa. Nikamuuliza mjomba, kaburi liko wapi? Akaniambia taratibu, "Ndipo uliposimama, mjomba. Tulikuwa tunawasubiri nyie wajukuu."

Niliona aibu. Nilimtangaza bibi, sikumwombea.

Wakatoliki wa Meksiko, tarehe 1 na 2 Novemba, huandaa meza nyumbani: picha za marehemu, mishumaa, mkate na maua ya rangi ya machungwa. Kisha huenda makaburini, wakayasafisha na kukaa pamoja. Si lazima tuige meza yao. Lakini tazama faida yake: mtoto anakua akiyajua majina ya wazee wake waliotangulia.

Na sisi tunacho kikubwa zaidi ya meza yoyote, yaani altare. Soma 2 Wamakabayo sura ya 12. Yuda Makabayo alichangisha fedha akapeleka Yerusalemu, ili sadaka itolewe kwa ajili ya wenzake waliokufa vitani. Mtakatifu Monika naye, alipokuwa anakufa kule Ostia mwaka 387, hakujali atazikwa wapi. Aliwaomba wanawe jambo moja tu: wamkumbuke altareni. Mama yule hakuomba kaburi la marumaru, aliomba Misa.

Sasa njoo hapa kwetu Bagamoyo. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakawakomboa watoto waliokuwa watumwa, wakawapa makazi na kuwafundisha. Wengi wa wamisionari hao walikufa bado vijana, kwa malaria na magonjwa mengine. Makaburi yao yapo misheni mpaka leo. Mapadre na mabruda hawa hawakuacha mtoto wala mjukuu. Nani atawaombea? Ni mimi na wewe, wajukuu wao katika imani.

Kijana, mwezi huu fanya mambo matatu. Kwanza, muulize mzazi wako majina ya marehemu wa ukoo, uyaandike, upeleke nia ya Misa parokiani. Pili, kati ya tarehe 1 na 8 Novemba nenda makaburini ukawaombee. Ukiwa umeungama, umekomunika, umesali kwa nia ya Baba Mtakatifu na umeikataa kila dhambi, Kanisa linakupa rehema kamili kwa ajili ya marehemu. Tatu, beba jembe! Palilia na kaburi la jirani lisilo na mtu.

Mimi na mjomba tulipalilia siku ileile, tukasimika msalaba mpya, tukasali rozari. Hakuna aliyepiga picha.

Siku moja na sisi tutalala pale. Tutamhitaji mtu wa kututaja mbele za Mungu. Basi tuanze kuwataja wenzetu leo.

Ee Bwana, uwape raha ya milele marehemu wetu wote, hasa wale wasio na wa kuwaombea. Amina.